Hatua na Kamera Yenye Jicho Tumboni

Walimwita Hatua kwa sababu hakuwahi kupiga picha ya flashi kabla ya kutembea. Bibi harusi akishakaa mkao, jamaa alimwendea mguu mbele ya mguu, akihesabu kwa sauti kama anayepima kiwanja. Kisha alirudi nyuma, akagawanya namba ya nguvu ya flashi kwa hatua zake, akakaza au kulegeza kitundu cha lenzi. Miaka kumi na tisa, hajaunguza sura ya mtu kwa mwanga. Wageni walicheka, lakini picha zikitoka, waliagiza nakala.

Halafu shemeji yake, kaka wa mkewe na mwenye studio aliyofanyia kazi, akanunua kamera mpya. Hii ilikuwa na jicho tumboni: flashi ikiwaka, inachungulia mwanga ulioingia kwenye lenzi na kuangukia filamu, na ukitosha, kamera yenyewe inaizima flashi.

"Shemeji, miguu yako sasa ipumzike," akasema mwenye studio. "Jumamosi tunapiga harusi moja, wewe na mimi. Picha za nani zitapendwa, huyo ashike harusi zote. Mwingine abaki na mkasi, akate picha za pasipoti."

Hatua akakubali mbio mbio, maana ukumbi alishauona: nyuma ya viti vya maharusi limetundikwa pazia jeusi tii. Alijua kamera italiona giza lile, idhani mwanga hautoshi, iendelee kumwaga flashi mpaka bibi harusi abaki macho na nyusi.

Ikawa vivyo hivyo. Jumatatu alizitandaza picha mezani, mabega juu. Za shemeji: bibi harusi mweupe kama karatasi, pua imepotea. Zake: ngozi ile ile aliyozaliwa nayo, mpaka kishimo cha shavuni.

Bibi harusi akaja, akadaka za shemeji, akapiga kigelegele.

"Jamani, nimetakata!" Akazigeukia za Hatua. "Na hizi je? Ulinipigia jikoni?"

"Dada, hiyo ndiyo sura yako."

"Sura yangu naijua, kaka. Ndiyo niliyokuwa naikimbia."

Hatua alijaribu kueleza kosa la pazia.

"Pazia zuri sana hilo," akasema shemeji, akimsogezea mkasi. "Tutanunua la kwetu."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akammiminia chai. Kisha akauliza taratibu kama Jumapili kaka yake atakuwa na nafasi.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunipiga picha, mume wangu. Moja tu. Kwa ile mpya."