Chungu Nilichofinyanga na Mkwe Wangu

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, hata ya watoto, lakini wengine bado wanaona aibu. Nitawaita kwa undugu tu.

Darasa la kufinyanga lipo Ngara mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Wanaoanza hujifunza Jumamosi, wakubwa kwa wadogo. Mimi natoka Kanazi. Nilikuwa namsindikiza mjukuu wangu wa darasa la nne, nikaona kusinzia benchini ni upuuzi, nikaomba udongo.

Jamani, udongo ule ulinidharau! Kila chungu nilichoanza kililala chini kama ugali uliozidi maji. Mjukuu ana bakuli, ana kikombe, mimi sina hata kisosi. Na Jumamosi ile mwalimu akatangaza: "Vya leo ndivyo vya mwisho. Vikikauka tunachoma. Asiyemaliza leo hana chombo tanurini." Nikasema moyoni, leo sitoki hapa bila chungu.

Gurudumu letu halitumii umeme. Mmoja anazungusha kwa mpini, mwenzake anafinyanga. Jirani aliyekuwa akinizungushia alikwenda Biharamulo harusini, wakubwa wengine wanamalizia vyombo vyao, na watoto hawauwezi ule mpini. Ndipo akaingia baba wa mjukuu, mume wa binti yangu, amekuja kumchukua mtoto wake. Mwalimu, binti wa kutoka mbali, akapiga makofi.

"Baba, umefika wakati wenyewe! Kaa hapa umzungushie bibi."

Kukaa wapi? Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawakai benchi moja. Huyu akiniona njiani huingia kwenye migomba ya watu mpaka nipite. Sasa alisimama mlangoni anatazama dari. Mimi natazama ndoo. Mwalimu akatutazama sote wawili, haelewi kitu.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyo ni mkwe."

"Vizuri! Ndugu kwa ndugu!"

Darasa likaangua kicheko. Mama mmoja akamnong'oneza mwalimu, mwalimu akashika mdomo. Lakini mimi nilikitaka chungu. Nikafungua kitenge changu cha kujitanda, nikakitundika kwenye kamba ya kuanikia matambara, katikati yetu. Mkwe akapita kwa mlango wa uani, akaketi upande wa pili. Niliuona mkono wake tu kwenye mpini. Mjukuu tukamfanya mjumbe.

"Mwambie baba yako aanze polepole."

"Baba, bibi anasema polepole."

"Mwambie bibi yako sawa."

"Bibi, baba anasema sawa."

"Nimesikia, mtoto wewe!"

"Sasa mbona mnanituma?"

Watu hoi. Udongo ukaanza kupanda, safari hii kweli unapanda, nikahisi tumbo la chungu linajaa mikononi. Nikasema, "Mwambie apunguze."

Yule mtoto mtundu akapaza sauti: "Baba, bibi anasema unazungusha kama mtu ambaye hajala!"

Loo! Mkwe akaukamata mpini kwa hasira ya mwanaume aliyesemwa. Gurudumu likaruka, matope yakampata mwalimu shavuni, na mjumbe akaanguka sakafuni kwa kicheko, hasemi tena. Chungu kikaanza kuyumba. Mdomo unakwenda huku, tumbo kule.

"Wewe mkwe, simamisha!"

Gurudumu likasimama. Tangu alipomwoa binti yangu sikuwahi kumsemesha hivyo, moja kwa moja, tena kwa kufoka.

Kutoka nyuma ya kitenge ikaja sauti nyembamba: "Nimesimamisha, mama. Kimeanguka?"

"Kimesimama."

"Kweli?"

"Kimeinamia upande wako, kama kinachungulia. Lakini kimesimama!"

Nikacheka mpaka nikashika ubavu, nikajipaka udongo gauni zima. Naye nyuma ya kitenge nikasikia pumzi zinamkwama kwa kicheko. Kisha akasema kwa heshima zote, "Mama, naomba nikione."

Nikatoka uani, nikajibanza nyuma ya mlango ili apite. Nikasikia hatua zake, halafu akalipuka: "Mbona kina tumbo kama la mwenyekiti wetu wa kijiji!"

"Usikiguse, bado kibichi!" nikapiga kelele kutoka nyuma ya mlango, machozi ya kicheko yananitoka.

"Sikigusi, mama!"

Mwalimu akakibeba kwa mikono miwili, akakiweka kwenye rafu ya vyombo vya kuchomwa.