Shangazi alivyoosha mawe ya mtaalamu, nikawapeleka watu Mponde bure

Wakuu, habari za mchana. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu ndani nadhani mmebaki wawili.

Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo. Mwenye kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Ni enzi za Ujamaa, huku kwetu Kwai, Lushoto. Nina miaka kumi na tisa, shule niliishia la saba, ila nasoma chochote, hata gazeti lililofungiwa sukari. Na mdomo ninao. Nikianza kubishana na wewe unabadilisha njia.

Baba yangu mdogo ndiye alikuwa mwenyekiti wa shamba la kijiji. Yule mzee kanilea. Ukimgusa yeye, umenigusa mimi.

Sasa tunachimba matuta ya viazi, yakatoka mawe meupe yanang'aa, makali kama wembe.

Akaja mtaalamu kutoka Dar na Land Rover. Akasema hivi ni visu vya watu wa kale, kabla ya chuma. Ila mlima wetu ule kauzunguka, hajaona jiwe la aina hiyo hata moja. Je, walilitoa wapi? Mpaka apate jibu, shamba lisiguswe.

Wakuu, mvua imebakiza wiki. Mbegu zimeshaota macho stoo. Watu wakaanza kumsema baba mdogo, eti kaachia shamba kwa ajili ya mawe. Ukaitishwa mkutano Jumapili baada ya ibada, wamvue uenyekiti.

Nikapanda jazba. Nikamwambia mtaalamu hilo jiwe nitamletea mimi.

Akanielekeza: okota jiwe kila kijito, liandike namba, kwenye daftari andika ulikolitoa. Yeye atayavunja, aangalie kwa lenzi lipi linafanana na vile visu.

Siku tatu nimezunguka makorongo. Hadi Mponde nilifika, nilidandia lori, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Mawe kumi na mawili, namba za chaki niliyoomba shuleni.

Nikaacha kikapu kwa shangazi, nikalala kama gogo. Asubuhi nakuta mawe yamesuguliwa kwa jivu, yanameta, yamepangwa kwenye ungo juu ya jani la mgomba kama maandazi.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Mgeni wa serikali unampelekea vitu vina tope? Watasema nyumba hii haina mwanamke."

Ndiyo kwetu hiyo. Mgeni hapewi kitu kichafu, hata kama ni jiwe.

Mwenye akili angeenda kusema ukweli. Mimi nikachukua chaki, nikaandika namba upya kwa kukisia.

Mtaalamu akavunja moja moja. Kufika namba tano akarudia lenzi mara mbili. "Ndilo lenyewe."

Daftari linasema tano ni Mponde.

Ijumaa tukaondoka, mtaalamu, dereva, baba mdogo na mimi. Tope, gari tunalisukuma, baba mdogo na suruali yake ya kanisani. Kufika Mponde, chai. Ukigeuka huku chai, kule chai. Kwenye korongo langu mwamba ni mweusi, ukiugusa unamomonyoka.

Mama mmoja mchuma chai akauliza, "Mmepoteza nini?"

"Tunatafuta mawe."

"Mmetoka Kwai kufuata mawe? Ya kwenu yameisha?"

Nikabishana naye dakika kumi. Dada yangu alikuwa pale pale, akajifanya hanijui.

Mtaalamu akaniita pembeni. "Kijana, una hakika na zile namba?"

Nikamwangalia baba mdogo, nikakumbuka Jumapili. Nikasema yote.

Mtaalamu hakunitukana. Alikaa kwenye bampa, akavua kofia. Bora angenizaba kofi.

Tulirudi jioni. Mtaalamu akaenda moja kwa moja kwa shangazi, akamwamkia, akampa kipande cha namba tano.

Shangazi hata hakufikiria. "Hili la juu ya kijito, nyuma ya kanisa."

"Umejuaje, mama?"

"Ndilo tunalogongea jiwe la kusagia likishakuwa laini, liwe na meno tena. Mengine yanapasuka, unakula ugali wa mchanga. Mama alinionyesha, naye alionyeshwa na mama yake."

"Mbona hukusema?"

"Nani kaniuliza? Mlimuuliza huyu mgosi anayepiga kelele."

Asubuhi tukapanda naye, dakika ishirini tu. Mwamba mweupe huo, na chini yake vipande tele. Watu wa kale walikaa pale pale wakagonga. Mtaalamu alipiga magoti.

Kwa kuwa kazi ya visu ilifanyika kule juu, akazungushia kamba kona moja tu ya shamba, kwingine akaruhusu. Jumapili akasimama mwenyewe kuwaeleza watu. Baba mdogo akabaki na cheo chake. Walipotaka niombe radhi, akasema, "Huyu ni wangu. Ataomba kwa jembe." Jumatatu viazi vikaingia ardhini, na matuta ya juu yote nilichimba peke yangu, kimya.

Nilichojifunza: aliyeshika jiwe miaka yote muulize kwanza, kabla ya kumsikiliza mwenye mdomo kama mimi. Na ukivuruga namba, sema kabla gari halijawashwa.

Nyie kwenu kina bibi waligongea nini jiwe la kusagia, na walilitoa wapi? Shusheni hapa. Wa kunicheka karibuni pia, ila nitawajibu mmoja mmoja.