Utepe, Majani na Gari la Miraa

Kidato cha Tatu walinichosha. Kila nikichora ubaoni livawoti, mimea midogo sana inayotambaa kwenye mawe na magome yenye unyevu, walicheka: "Mwalimu Halima, hizo umetunga!" Isiolo ni vumbi, siwalaumu. Nikaapa kwamba Jumatatu nitawaletea za kweli, la sivyo wanicheke hadi shule ifungwe.

Jumamosi asubuhi nilipanda upande wa Meru kwa Kagwiria, rafiki yangu wa chuo. Msituni meno yaligongana kwa baridi. Kwenye gome moja tulikuta mbili. Ya kwanza bapa, utepe mtupu wa kijani. Ya pili ina shina na majani madogo yaliyopangana, na chini ya kila jani kifuko cha kuweka maji. Utepe ule unafanana na livawoti bapa za kitabuni, lakini waliochunguza vinasaba wanasema uko karibu zaidi kiukoo na hii yenye majani. Maumbo yamebadilika, ukoo umebaki. Nilifurahi kupita kiasi.

Kagwiria alizifunga kwa majani ya mgomba, kama kwao wanavyofunga miraa, akanitafutia lifti kwa kaka yake anayesafirisha miraa.

Adhuhuri tukafika Isiolo. Nilishuka kununua maji. Kurudi, kifurushi hakipo! Kimeshushwa pamoja na miraa ya Mama Asha, muuzaji wa mtaa wa Chechelesi. Nikakimbia.

"Salaam aleikum, Mama Asha. Mzigo wangu!"

"Aleikum salaam. Kumbe ni yako? Customer ametafuna kidogo akatema, ati namuuzia chakula ya mbuzi! Nimetupa huko kwa jua."

Juu ya bati la moto nilikuta vitu vya kahawia vilivyojikunja. Machozi yalinilenga.

"Pole, mwalimu. Hata miraa ikinyauka huwa narushia maji," akasema, akavinyunyizia kwa mkono.

Tukangoja. Utepe ukalainika. Kisha majani madogo yakafunguka, kijani tena.

"Wallahi, imefufuka!" Mama Asha akashika mdomo.

Nilijifunza kutoacha kifurushi cha majani ya mgomba kwenye gari la miraa hata dakika moja.

Jumatatu hakuna aliyecheka. Waliinamia sahani ya livawoti zangu, wakisukumana. Nikawauliza ndugu wa karibu wa utepe ni nani. Darasa zima, kwa sauti moja, likairuka ile yenye majani, likanionyesha livawoti bapa kitabuni.

Nikacheka mimi.