Damu ya Kamau

Niliondoka nyumbani kwangu Kiuu kwa sababu Wanjiru hakuwa amejibu simu kwa siku tisa. Mwaka jana tulilala wodi moja kule India, sote tukiugua saratani ya damu. Mimi nilipewa seli za uboho, zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu, na dada yangu. Yeye alipewa na kaka yake, Kamau. Wanjiru alikuwa pia na ugonjwa wa sukari tangu zamani, na daktari alimwambia mbele yangu kwamba kwa mwenye sukari upandikizaji una hatari zaidi, hasa ya maambukizi.

Saa tatu asubuhi jirani alinichukua kwa gari lake, maana bado naogopa msongamano wa watu. Kuanzia Ruiru ukungu ulikuwa umelala juu ya lami, magari ya mbele yakawa yanamezwa moja moja.

Thika tulifika saa nne. Viwanda vilikuwa vinanguruma, lakini kwenye ploti ya nyumba za kupanga walikokaa kina Wanjiru kulikuwa kimya, mapazia yamefungwa. Mama yake alinifungulia kabla sijabisha.

"Karibu, Nafula. Usivue maski. Wamelala."

"Kwani nani mwingine yuko?"

Akatangulia kuelekea chumbani.

Wanjiru alikuwa kitandani, midomo imekauka, akipumua haraka haraka. Ngozi yake ilikuwa imegeuka nyeusi na ngumu, kwa sababu seli za Kamau zilikuwa zimeanza kuushambulia mwili wake. Dawa za kuzituliza nazo hupandisha sukari. Mama yake alikaa kando, akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho.

"Sikia," akaniambia. "Anapiga."

Ndipo nikaelewa. Kamau aligongwa na lori akafa, miezi miwili baada ya kurudi kutoka India. Damu yote iliyokuwa ndani ya Wanjiru ilitengenezwa na seli za marehemu, na mama alikuwa akizungumza na mwanawe hapo, kwenye mshipa.

"Mashine ya kupima sukari iko wapi, Mama?"

"Nimeificha. Kila mkimtoboa kidole mnammwaga kijana wangu."

Wanjiru akafumbua macho. "Maitu, mwache anipime," akamnong'oneza mama yake.

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilijitoa taratibu, nikatafuta mashine hadi nikaipata kabatini, nikamtoboa. Mashine ikaandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kuhesabu. Mama alilipangusa tone la damu kwa leso yake, akaikunja, akaitia kifuani.

Saa sita tulikuwa tumemfikisha hospitali. Alipewa insulini mara moja, lakini mapafu yalikuwa yameshaingiwa na maambukizi, na kwa mwili ule dawa zilikuwa na kazi nzito.

Jioni nilirudi Kiuu. Nilikaa kitandani nikiwa nimejishika kifundo cha mkono, kisha nikampigia dada yangu simu, nisikie tu sauti yake.

Wanjiru aliishi siku sita zaidi. Nilikuwa nimeamini kwamba aliyerudi kutoka India amepona. Sasa najua kwamba kwa mwenye sukari vita huanza upya nyumbani, kila asubuhi, na siku chache za kutopima zinaweza kumwangusha.

Tulimzika kando ya kaka yake. Watu walipoanza kutawanyika, mama alinivuta pembeni.

"Kamau nilimzika mwaka jana," akasema. "Leo ndiyo amekufa."