Asante Haitangulii Kazi

Jioni ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyofunga ndoa. Meli ilikuwa imefunga gatini Bukoba, abiria wanapanda, na mimi nimesimama kwenye mlango wa korido ya daraja la kwanza na sare yangu ya bluu niliyoipiga pasi mara mbili. Nilikuwa binti ambaye hajafika miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia kabini: kutandika vitanda, kubadili foronya, kupeleka chai na maji ya moto, na tukifika Mwanza asubuhi, kuwaaga watu kwa adabu.

Nakusimulia haya, Mugisha, kwa sababu ya ulichoniuliza jana kwenye simu. Umesema wewe na mchumba wako mtapanda meli kwenda Mwanza kuwaona wakwe, mmekata kabini, na hujui mhudumu wa kabini huachiwa kiasi gani. Ukasema rafiki yako amekushauri umpe nyingi, tena mapema, mnapoingia tu, maana mkono mtupu haulambwi. Nikakujibu kwamba nitafikiri. Kumbe sikuwa na la kufikiri, nilikuwa na la kukumbuka. Basi tulia unisikilize, na univumilie nikizunguka kidogo. Mzee hafiki mahali kwa njia ya mkato.

Abiria wa kabini ya mwisho siku ile alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu mwenye jina kubwa. Jina lenyewe nitaliacha lilale. Ana wajukuu hapa Muleba, na wajukuu hawana kosa. Alivaa suti ya kijivu na kofia, akanipa sanduku lake nilibebe. Nilimfungulia kabini, nikamwonyesha swichi ya taa na blanketi la ziada. Akaketi kitandani, akaanza kuniuliza habari za kwetu kama wazee wanavyouliza: ukoo gani, baba nani.

"Baba alishafariki, waitu," nikamwambia, kama Wahaya tunavyowaita wenye heshima. "Mama yuko Nshamba."

"Na mama anatunzwa na nani?"

"Na mimi."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatoa noti mfukoni, akazikunja, akanitia kiganjani, na yeye mwenyewe akanifunga vidole, kimoja baada ya kingine. "Hii ni asante yako ya mapema," alisema. "Unitunze vizuri."

Nilikwenda stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikazikunjua. Zilizidi mshahara wangu wa mwezi. Mwanangu, sitakudanganya kwamba niliogopa. Nilifurahi. Nyumba ya mama ilikuwa inavuja, na mvua ikianza alikuwa akisukuma kitanda kutoka kona hii kwenda ile, usiku kucha, mzee wa watu, na kesho yake anaamka kwenda kibanjani kupalilia migomba kama vile amelala. Nilisimama kati ya mashuka nikaona mabati mapya juu ya kichwa chake.

Furaha ile niliipeleka kwa Bi Salima. Huyo alikuwa mhudumu mkubwa wetu, Mwislamu wa Bukoba mjini ambaye babu zake walitoka Pwani. Ndiye aliyenifundisha kukunja pembe za shuka na kubeba trei ngazi zikiyumba. Nilimkuta kwenye jiko letu dogo la chai, nikamwonyesha. Akaacha kumimina.

"Umemfanyia nini?"

"Bado sijamfanyia kitu. Ndiyo kwanza ameingia."

"Basi hiyo si asante," alisema. "Asante haitangulii kazi, mwanangu. Inayotangulia ina jina jingine. Mrudishie kabla hatujafika bandari ya Kemondo."

Nilimwambia kwamba yule ni mtu wa heshima, kwamba alinihurumia kwa sababu ya mama, kwamba matajiri wengine wana moyo. Bi Salima akanisikiliza huku akifuta vikombe. Mwisho akasema, "Samaki naye hamwogopi mtu anayemtupia chakula."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa peke yangu hutazama pembeni. Nilisema, "Bi Salima, huenda unaumia kwa sababu hukupewa wewe."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Bi Salima hakukasirika. Alipanga vikombe kwenye trei, vishikio vikielekea upande mmoja kama alivyopenda. "Ni kweli sikupewa," alisema, akatoka.

Meli iliondoka. Mji wa Bukoba ulikuwa bado unaonekana nyuma yetu wakati kengele ya kabini ya mwisho ilipolia. Nilikwenda. Yule bwana alikuwa amevua koti na viatu, ameegemea mto.

"Tukishaondoka Kemondo," alisema, "watu wakitulia, utaniletea chai. Usibishe hodi. Mlango hautafungwa komeo."

"Chai naweza kuileta sasa hivi, mzee."

"Sikusema sasa." Akatabasamu. "Tumeshaelewana, sivyo? Umeshapokea."

Neno hilo, umeshapokea, ndilo lililonifumbua macho. Nilisema "ndiyo, mzee," kwa sababu ndilo jibu nililofundishwa kuwapa wakubwa, nikarudi koridoni nikiushika ukuta. Noti zilikuwa mfukoni mwa sare, nikazisikia zikinigusa paja kwa kila hatua. Kutoka Bukoba hadi Kemondo si mbali. Mtu akiwa na shida, ni karibu mno.

Nilirudi jikoni nikayarudia maneno yake yote. Bi Salima alinitazama usoni, akavuta kreti la soda akanikalisha. Hakuniambia "nilikwambia." Kuna watu wanaokuokoa na bado wakadai kwanza ukiri kwamba walikuwa na haki, yeye hakuwa mmoja wao.

"Nikimrudishia atasema nimemwibia," nilisema.

"Atasema hivyo mkiwa wawili chumbani. Kwa hiyo usiingie chumbani. Ngoja Kemondo, korido ikijaa watu, yeye hutoka kutazama mizigo yake ikipakiwa. Mrudishie hapo, watu wakiona. Na umwachie mlango wa kutokea. Mwambie alisahau. Mtu mwenye cheo ukimbana ukutani mbele za watu, ataumiza mtu, na atakayeumia ni wewe."

"Na akikataa?"

Bi Salima alifunika birika. "Akikataa, mimi nitakuwa nyuma yako," alisema. Hakuniahidi zaidi ya hapo.

Kemondo ilikuja. Kamba zikatupwa, wapagazi wakaanza kupandisha mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, na abiria wakamiminika koridoni na mabegi, magodoro, watoto mgongoni. Giza lilikuwa linaanza kuingia na taa zilikuwa zimewashwa. Mlango wa kabini ya mwisho ukafunguka, yule bwana akatoka na kofia yake kichwani. Nikamwendea.

"Samahani, mzee," nikasema, nikinyoosha mikono yote miwili. "Uliponikabidhi mzigo wako, fedha hii ilibaki mkononi mwangu. Nadhani ulisahau."

Alizitazama noti. Akanitazama mimi, kisha akawatazama watu. Nikaona uso wake ukipima.

"Fedha gani?" alisema. "Mimi sijakupa fedha. Umeitoa wapi?"

Mwanangu, nilikuwa nimesimama katikati ya watu na mshahara wa zaidi ya mwezi mikononi, na mwenyewe ameukana. Kijana mmoja aliyebeba godoro kichwani akasimama, na waliokuwa nyuma yake wakalazimika kusimama.

"Huyu binti ameingia kabini yangu," alisema yule bwana, sasa kwa sauti ya juu. "Hawa ndio wahudumu mnaoajiri?"

"Mwizi harudishi mali mlangoni watu wakimtazama, waitu," alisema Bi Salima nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza idadi ya vijiko vya sukari. Akaniwekea mkono mgongoni.

Mlango wa kabini jirani ukafunguka. Alikuwamo Mwalimu Justina, mwalimu mstaafu wa Kagoma, Mlutheri, mwanamke mrefu aliyetembea kwa fimbo kwa sababu ya goti. Tangu Bukoba nilikuwa nimempelekea maji ya moto ya kulikanda goti lile. Alisimama kizingitini, akatutazama wote kama darasa lililopiga kelele.

"Bwana," alisema, "fedha hii ni yako au si yako? Kama si yako, binti aipeleke kwa nahodha sasa hivi, nahodha atangaze, na mwenyewe atajitokeza. Kama ni yako, ihesabu uipokee. Watu wanataka kupita."

Nilisikia wapagazi wakihesabu magunia kule chini kwa Kihaya. Yule bwana aliutazama mkono wangu, akatazama ngazi ya kwenda kwa nahodha, na tamaa na aibu vikapigana usoni pake waziwazi.

"Ni yangu," alisema.

"Ihesabu."

Akahesabu, polepole.

"Imetimia?"

"Imetimia."

"Basi mshukuru mtoto," alisema Mwalimu Justina.

"Asante," alisema yule bwana, akiitazama sakafu. Akaingia kabini, na sote tukasikia komeo likifungwa. Kijana wa godoro akapita, na korido ikaanza kusogea tena.

Bi Salima alichukua upande ule wa korido, mimi akanipa upande wa pili. Baadaye, tukikunja vitambaa, nilijaribu kumwomba radhi kwa neno nililomwambia. Hakuniacha nimalize. "Nilikusamehe kabla chai haijapoa," alisema. "Kunja vizuri, pembe hiyo imepinda."

Asubuhi Mwanza yule bwana alishuka bila kugeuka. Mwalimu Justina alishuka wa mwisho kwa sababu ya goti, nikamshika mkono ngazini. Tulipofika chini, watu wakipita huku na huku, aliniuliza jina. "Kemilembe," nikasema. Akafungua pochi, akatoa noti moja ndogo. "Kemilembe, umenihudumia vizuri na hukuchoka na goti langu. Si nyingi, ni ya pensheni. Asante sana." Nikapokea kwa mikono miwili, nikaiweka mfukoni, na sikujali nani ameniona.

Usifikiri mambo yaliishia kwa wema. Wiki chache baadaye nilihamishiwa daraja la tatu, kufagia na kumwaga ndoo, ambako hakuna kabini wala bakshishi. Hakuna aliyenieleza sababu, na mimi sikuuliza. Mama aliendelea kusukuma kitanda chake masika yote yaliyofuata. Niliponunua mabati nilinunua machache machache, na alikuwa ameshaanza kukohoa. Wakati mwingine, nikimwona anakohoa, nilizikumbuka zile noti. Nakwambia hivyo ili usidhani kufanya lililo sawa hakuna bei. Kuna bei, ila ni bei unayoweza kuilipa ukiwa umesimama.

Sasa swali lako.

Usimpe mhudumu chochote mnapoingia. Najua unaye mwanamke pembeni na unataka aone kwamba unajua dunia. Lakini yule anayetandika kitanda chenu hajui moyo wako, anajua tu kwamba mgeni amemtia fedha mkononi kabla ya kazi, na usiku mzima atajiuliza anadaiwa nini. Kama ni msichana, atajiuliza mara mbili. Wewe ni mtu mwema, ila yeye atalijuaje hilo? Msalimie, mwulize jina lake, umwite kwa jina hilo. Akikuletea maji, sema asante ya mdomo. Hiyo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuwahi.

Kiasi gani? Mwanangu, hakuna bei iliyoandikwa ukutani, na anayekutajia moja anakutajia mfuko wake. Toa kiasi ambacho ukishakitoa hutakihesabu tena moyoni, na yeye akishakipokea hatalazimika kukificha. Kikiwa kidogo mno kwa uwezo wako, utakijua mwenyewe kwa jinsi utakavyoharakisha kuondoka. Kikiwa kikubwa mno, jiulize unanunua nini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mpe asubuhi, mkishafika, mlangoni au ngazini, watu wakipita. Usiiache fedha juu ya mto na kwenda zako, maana mwaminifu ataogopa kuigusa na asiye mwaminifu atamtangulia. Kama wamewahudumia wawili, wape wawili. Na kama safari imekula fedha yote na mfuko mtupu, usimkwepe kwa aibu. Mshike mkono umshukuru, na mkiache kitanda katika hali ambayo mama yako angeweza kukiona bila wewe kuona aibu. Mimi niliwahi kupewa hivyo pia, na sikujiona nimepunjwa.

Na huyo mchumba wako, mwambie mtu akimtia fedha mkononi kwa wema unaotangulia kazi, airudishe mapema, na airudishe mchana kweupe.

Basi nenda, Mugisha. Mungu aliyelituliza ziwa kwa ajili ya wengine alitulize na kwenu. Wakwe wakupokee kama aliyezaliwa nyumbani kwao, mkono wako uwe mwepesi wa kutoa na usiwe mzito kwa anayepokea, na kila mlango utakaoubisha maishani ufunguliwe na mtu asiyekuogopa. Nimekubariki, mwana wange, kama tunavyosema kwetu. Safiri salama.