Kaseti ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa kwanza Dar es Salaam kusimama mbele ya bendi ya hoteli na kuimba R&B kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa rika lake, naye hakuwahi kuwakanusha. Alitoa santuri mbili, zote zikapotea katika kuhamahama. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tulipokuwa tukiishi naye ughaibuni, mtaa wa Crescent Town, ghorofa ya kumi na saba, alisafisha ofisi mtaa wa Don Mills na kuimba kwaya Jumapili. Mimi nilikuwa kidato cha mwisho, kisirani kimenijaa.

Ndipo daktari akamwambia koo lake lazima lipasuliwe, na sauti haitarudi. Akanunua kaseti tupu. Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya kulazwa, akaketi jikoni na redio yake ya kaseti, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaanza wimbo wake wa zamani. Aliimba vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa chumbani nikihangaika na hesabu, na jirani alikuwa ameshagonga ukuta mara mbili. Nikatoka mbio.

"Shangazi, please, stop! Unatuaibisha!"

Akazima. Wala hakunigombeza. Nilidhani angerekodi tena kesho yake, lakini kesho yake koo lilikataa kabisa.

Baada ya upasuaji aliishi miaka tisa, akiandika kwenye daftari kila alichotaka kusema. Kila mgeni aliwekewa kaseti ile. Shangazi aliipakata redio mwenyewe, na ubeti wa pili ulipokaribia kwisha alibonyeza kitufe, akazima. Wageni walidhani wimbo unaishia hapo, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikimimina chai, macho chini. Alinisitiri hivyo miaka yote tisa, na kuna siku nilimchukia kwa wema huo, Mungu anisamehe.

Alipofariki, ukumbi wa kanisa ulijaa. Wakaniomba mimi niweke kaseti, kwa kuwa ndimi niliyemuuguza. Sauti yake ilipotoka, kina mama wakaanza kulia, na mzee mmoja wa bendi yake akasimama wima, kofia mkononi. Nilipajua pa kuzima. Ubeti wa pili ukakaribia kwisha, kidole changu kiko juu ya kitufe.

Nikakiondoa kidole, kaseti ikaendelea. Ukumbi mzima ukanisikia nikimnyamazisha.