Pamba Fifi Juu ya Dari

Jengo la maduka pale Bariadi mjini lilijengwa kwa vioo mbele na bati tupu juu, kana kwamba jua letu lingeona haya kuingia. Dada yangu aliuza mtindi humo. Mita ya umeme ilikuwa moja kwa wapangaji wote, na umeme wa luku waliouchangia ulipoisha mapema, macho yote yaligeukia friji lake.

"Mayu, hilo friji ni ng'ombe," mwenye jengo alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Linakula, halilali."

"Na dari yako ni tanuri, bosi. Ipoze, uone kama halitalala."

Mwenye jengo alicheka, lakini neno lilimwingia. Mimi nilikuwa nimetoka kuzurura Kalemela, nikaomba kibarua, maana nilitaka kujua joto linazuiwaje. Tulipaka bati rangi nyeupe, tukabadilisha taa, tukatoboa matundu ya hewa juu ya vioo. Kisha bosi akaleta cha kujaza kati ya bati na dari: pamba. Haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa fifi, ile chafu inayokataliwa na wanunuzi, mbegu zikiwa ndani.

"Nani hapa haijui pamba?" alisema. "Tumekua tukiilalia."

Kweli, sote tulilala chumba kimoja na mavuno tukingoja msimu wa soko ufunguliwe. Hakuna aliyetaja panya waliolala nasi.

Kwa muda jengo lilipoa. Friji likawa linanyamaza, na majirani wakaanza tena kumsalimia dada: "Mwangaluka, mayu!"

Panya walimaliza mbegu, wakahamia nyaya. Adhuhuri moja moshi ulishuka kutoka darini. Tulivuta pamba chini ikiwa nyeusi, tukauzima moto.

"Ni lile friji," mwenye jengo alisema mbele ya wote.

"Bosi, tazama waya. Hayo ni meno."

"Na panya walifuata nini, kama si maziwa yako?"

Wapangaji, watoto wa wakulima wa pamba kila mmoja, waliangalia viatu vyao. Jioni ile nilimsaidia dada kutoa friji na kurudisha ufunguo wa duka.

Sasa kuna viyoyozi. Matundu yetu yamezibwa kwa saruji. Dada anauza mtindi nje, upande ambako mashine zinatemea hewa ya moto, na mchana ndoo yake imeshachacha. Wapangaji hutoka kununua asubuhi, wakilalamika kwamba luku inaisha upesi kuliko zamani. Hawajapata bado wa kumgeuzia macho.